Shairi lako limebandikwa kwa jina la mtu mwingine: anza hivi

Dada, pole. Umesema shairi uliloliweka Facebook limechukuliwa lote, beti ya mwisho yenye jina lako ikakatwa, na sasa unaogopa huna haki kwa sababu hukulisajili popote. Haki unayo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, kazi inalindwa tangu ilipotungwa, na ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia kwenye ushahidi tu.

Kabla hujamwandikia chochote, hifadhi ushahidi: skrinishoti ya chapisho lake na lako, tarehe zionekane, na viungo vyake. Wengi hugomba kwanza, mwizi anafuta, wanabaki mikono mitupu. Kisha mwandikie inbox kwa adabu, umpe siku ya mwisho ya kuondoa. Akikaidi, jaza fomu ya hakimiliki ya Facebook, ila ujue jina na barua pepe yako vinaweza kumfikia, kwa hiyo tumia anwani ya kazi.

Kuhusu yule mtu wa pili uliyemtaja, aliyetunga kwa maneno yake juu ya mama muuza samaki kama ulivyotunga wewe: huyo mwache. Wazo halina mwenyewe kisheria, kinacholindwa ni maneno yako. Kumwita mwizi hadharani kunaweza kukuletea kesi ya kashfa.

Shairi likishaingia kwenye wimbo au kitabu kinachouzwa, usijadiliane peke yako. Nenda COSOTA au kwa wakili.