Kabla hujasema bodi yako ya FPGA imekufa, anza na waya

Jana usiku dogo mmoja wa mwaka wa tatu kanitumia meseji, ana Basys 3, bodi ya kujifunzia FPGA (chipu unayoipanga mwenyewe iwe saketi unayotaka), akiichomeka kwenye laptopu taa inawaka, namba zinakimbia vizuri kwenye disiplei, lakini Vivado, programu ya kompyuta ya kuipanga hiyo bodi, haisomi kitu. Kaniuliza, kaka, bodi ndo imeungua? Haijaungua dogo. Nakujibu hapa kwa kirefu maana meseji za aina hii haziishi, na mwenyewe nina donda langu kwenye hili jambo.

Bodi ninayofanyia kazi mpaka leo ilishatangazwa marehemu. Niliipeleka kwa fundi mmoja anayeaminika sana, akaichomeka, kompyuta yake haikuisoma, akaniambia mbele za watu kwamba hiyo sasa ni spea tu, nikitaka atanipa hela ya soda abaki nayo. Nikakataa, nikarudi nayo nyumbani, nikabadilisha waya, ikasoma. Basi, waya tu! Basys 3 inatumia mikro USB, na ndani ya waya wa USB kuna nyaya nne, mbili za umeme mbili za data, sasa hizi za kuchajia simu za bei chee nyingi zina zile za umeme peke yake. Umeme unafika, FPGA inapakia demo ya kiwandani iliyoko kwenye flashi ya bodi, kila kitu kinawaka, na kompyuta haina habari kabisa. Yale maneno bado yananiuma, maana yule mtu alitoa hukumu bila kuuliza hata swali moja.

Kwa hiyo usianze kupakua draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Anza kuuliza, USB imeona kitu au haijaona? Kwenye Linux andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka, linganisha. Basys 3 inatokea kama 0403:6010, hiyo ni chipu ya FTDI inayokaa kati ya USB na FPGA. Bodi za Altera, kampuni nyingine ya FPGA, zenye USB-Blaster (kiunganishi chake cha kuipanga bodi) nyingi zinatokea kama 09fb:6001. Kwenye Windows fungua Device Manager uangalie. Kama hakuna kilichoongezeka achana na draiva kabisa, hangaika na waya, badilisha porti, toa hub, angalia swichi ya pawa na jampa ya JP2 (kile kidude kinachochagua umeme utoke wapi) iwe upande wa USB.

Kimeonekana? Sasa ndo draiva. Vivado kwenye Linux haikuwekei draiva za kebo yenyewe, unachomoa bodi, unaingia folda uliyoinstoo Vivado, kisha data/xicom/cable_drivers/lin64/install_script/install_drivers, unaendesha sudo ./install_drivers, unachomeka tena. Kwa Quartus, programu ya bodi za Altera, kwenye Linux tatizo huwa ni ruhusa, unaandika sheria ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa na ruhusa zake) ya ile 09fb halafu unapima na amri ya jtagconfig. Windows ikiweka alama ya njano kwenye USB-Blaster, elekeza draiva kwenye folda ya drivers ndani ya Quartus.

Na msidanganyike na COM porti, wengi wanashangilia wakiiona. Ile chipu ya FTDI ina chaneli mbili, moja ya JTAG (njia ya kuipanga FPGA) nyingine ya UART (njia ya kutumiana data tu na bodi), COM ikitokea ni UART tu imejibu, Vivado inatafuta JTAG.

Vijana wenzangu, sisi tunataka kuandika prosesa zetu za RISC-V (muundo wa prosesa ulio wazi kwa kila mtu), siyo kuwasha taa tu, na hatufiki huko kama kila kitu kikigoma tunakimbilia mtu atuambie kimekufa. Pima mwenyewe, hatua kwa hatua, uone umekwama wapi. Narudia, waya kwanza.

Dogo, ukimaliza ingia Hardware Manager ya Vivado, bonyeza Open Target, kisha Auto Connect, unatakiwa uone xc7a35t_0, hiyo ndo FPGA ya Basys 3. Isipotokea nitumie majibu ya lsusb yote kama yalivyo, usinitumie picha ya bodi, kwenye picha sitaona kitu.