"I delayed", "postponed", "setback": chagua neno kabla halijakusemea usilolikusudia

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri kwa malipo, faili moja kubwa liliharibika siku mbili kabla ya kulikabidhi. Nikamwandikia mteja kwa Kiingereza. Katika aya ya kwanza nilitumia "delay", na kwa kuwa shuleni tulionywa tusirudierudie neno, katika aya ya pili nikaandika "we have postponed the delivery". Jibu lilikuja baada ya dakika chache: nani amewaruhusu kuahirisha?

Niliusoma ujumbe ule mara kadhaa. Nilichotaka kusema ni kwamba tumekwama. Yeye alielewa kwamba tumekaa, tukashauriana, tukasogeza tarehe bila kumuuliza. Na alielewa sawasawa, kwa sababu ndivyo neno lenyewe linavyosema. "Postpone" asili yake ni Kilatini, "post" ni baada, "ponere" ni kuweka. Kuna mtu amelichukua jambo akaliweka baadaye. Mvua inaweza kuchelewesha safari, lakini anayeiahirisha ni mtu.

Tangu siku hiyo, ninapoona orodha ya visawe najiuliza kwanza: katika neno hili, mkono wa nani unaonekana?

Swali hilo lilinifumbua macho kuhusu kosa ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili tunalifanya kila siku. Tunasema "nimechelewa", kisha kwa Kiingereza tunaandika "sorry, I delayed". Lakini "I delayed" haina maana ya nimechelewa. Inakaribia "nilichelewesha" au "nilisita". Msomaji anaelewa kwamba ulikuwa na uwezo wa kufika mapema, ukaamua kukaa. Kama umechelewa, andika "I'm late". Kama kuna kilichokuchelewesha, andika "I was delayed". Tofauti ni kineno kimoja kidogo, "was", na ndicho kinachoutoa mkono wako kwenye kosa ambalo si lako. Ningependa kila anayeandika barua ya kazi ajue hili kabla ya kujua jingine lolote katika makala haya.

Baada ya kujua nani amesababisha, tazama jambo lenyewe limefanya nini. Limesimama, limesogezwa, au limerudi nyuma?

"Setback" ni kurudi nyuma, na ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa alikuwa anapata nafuu, homa ikamrudia: hiyo ni "setback". Hatua iliyokwisha kupigwa imepotea, na itabidi ipigwe upya. Kifurushi kilichochelewa saa mbili si "setback". Ukikiita hivyo, msomaji anashtuka na kuanza kutafuta hasara ambayo haipo.

Kwa yale yanayosimama au kusogezwa, Michezo ya Olimpiki ni mfano ninaoupenda. Ile ya Tokyo iliyopangwa 2020 ilikuwa "postponed", ikafanyika 2021. Ya 1916, 1940 na 1944 ilikuwa "cancelled" kwa sababu ya vita vya dunia. Ilifutwa, na haikufanyika kamwe. Kati ya hayo mawili kuna "suspend", kusitisha kitu ambacho tayari kinaendelea, mara nyingi bila kusema kitarudi lini. Kuna pia "adjourn", la mahakama, mabunge na mikutano. Kikao kilichokuwa "postponed" hakijaanza. Kilichokuwa "adjourned" kilikwisha anza, watu wakaondoka ili warudi.

Jihadhari sana na "table". Katika vikao vya Uingereza, "to table" ni kuliweka jambo mezani lijadiliwe. Marekani ni kinyume chake, kuliweka kando. Winston Churchill alisimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya neno hilo, kumbe wote walitaka kitu kimoja. Mimi silitumii kabisa.

Sasa vizuizi. Hapa ndipo Kiingereza kina picha nyingi, na ukiiona picha huhitaji kukariri. "Obstacle" ni kitu kilichosimama mbele yako. "Impediment" ina mguu ndani yake. Kwa Kilatini ni kufungwa miguu, na Warumi waliita mizigo ya jeshi lao "impedimenta". Ndiyo maana linafaa kwa kitu kinachokulemea kila hatua, kama kigugumizi katika usemi, na lina harufu ya sheria na ofisi. "Hurdle" zamani ilikuwa uzio wa fito za kusuka, baadaye ikawa kiunzi cha kuruka mbioni. Mkimbiaji anajua viunzi vipo na amejiandaa kuviruka, kwa hiyo ukisema "one last hurdle" unampa msomaji matumaini. "Bottleneck" ni shingo ya chupa: kazi ni nyingi, njia ni nyembamba.

Na "stumbling block"? Hilo tunalo tangu zamani. Kikwazo kinatokana na kukwaa, mguu uliogonga kitu njiani. Wahenga wakasema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Methali hiyo peke yake inakutenganishia "stumbling block" na "setback" vizuri kuliko kamusi nyingi.

Kwa matatizo madogo yako "hitch", "snag" na "glitch". "Glitch" ni la mitambo na kompyuta. Mwanaanga John Glenn alilieleza mwaka 1962 kuwa ni mruko wa ghafla wa umeme kwenye saketi. "Snag" katika mito ya Marekani kama Mississippi ni gogo lililozama na kutoboa meli, hivyo linafaa kwa tatizo lililojificha ambalo hukulitarajia. "Hold-up" kwa maana ya kucheleweshwa linatumika sana katika mazungumzo, ila pia ni uporaji wa kutumia silaha, kwa hiyo katika barua rasmi naliacha.

"Procrastinate" nalo lisikuponyoke. Ndani yake mna "cras", kesho kwa Kilatini, na lawama yote ni ya mtendaji. Usilitumie kumweleza mwenzako kama hujui kwa hakika kwamba ni yeye aliyekuwa akisogeza kazi kila siku.

Sarufi kidogo, kwa sababu hata neno sahihi huharibika hapa. Baada ya "delay", "postpone" na "put off" kitenzi huishia na "-ing": "we delayed sending", si "delayed to send". Kuhusu nomino, sema "a delay in", "an obstacle to", "a setback for".

Barua ile kwa mteja, leo ningeiandika hivi: "Delivery will be delayed by three days. One file was damaged and we are rebuilding it." "Delayed" ningelirudia kila linapohitajika.