Wekeni kitambaa chini: kwa wapya wa nusu dola za kumbukumbu za Marekani

Wadogo zetu, kila msimu inatokea Columbian nyingine (nusu dola ya kumbukumbu ya Columbus) inayometa kama kijiko cha harusi, na mwenyewe anashangaa imerudi kutoka PCGS, kampuni ya kukagua na kupanga gredi za sarafu, bila gredi ya namba. Kwenye lebo wameandika Cleaned, yaani imesafishwa. Basi tuongee tena.

1. Usisafishe. Ule weusi si uchafu. Sarafu hizi ni fedha asilimia 90 na shaba 10. Salfa ya hewani na ya kadibodi kuukuu huungana na fedha, ikaota utando: kwanza manjano, kisha buluu, mwisho mweusi. Mng'ao wa sarafu isiyotumika unatoka kwenye vijistari visivyoonekana kwa jicho, vilivyochoreka fedha ilipotambaa chini ya kishindo cha chapa. Ndiyo maana ukiizungusha chini ya taa, mwanga nao unazunguka. Magadi na dawa ya meno hukata vijistari hivyo na kuacha mikwaruzo. Dawa ya kuchovya haisugui, lakini huondoka na utando pamoja na fedha iliyomo ndani yake. Sekunde chache, mara moja, sarafu huenda ikavumilia. Mara ya tatu inabaki nyeupe kama chaki, imekufa. Usiposuuza vizuri, asidi iliyobaki huleta madoa ya kahawia miezi baadaye. Hairudi, hata ulie. Na kinachouma: wapo wanunuzi wanaoongeza bei kwa rangi hiyohiyo uliyoifuta, hasa iliyotokana na kadibodi za kuhifadhia sarafu za miaka ya 1930, pale kiulimi cha karatasi kilipoacha doa jeupe na pembeni pakashika dhahabu na zambarau.

Kama ni mafuta au ute wa kijani wa PVC (plastiki laini ya vifuko), tumia asetoni safi (si ile ya kucha yenye manukato), dirisha wazi, mbali na moto. Chovya, iache ikauke yenyewe. Usifute!

2. Shika ukingoni. Hifadhi kwenye Mylar, plastiki isiyo na PVC.

3. Pima: gramu 12.5, milimita 30.6.

4. Nusu dola ya Grant (rais Ulysses Grant) ya 1922 yenye nyota. Zenye nyota ni kama 4,250, zisizo nayo ni zaidi ya 67,000, kwa hiyo wajanja wanagonga nyota kwenye ya kawaida. Geuza: pigo la kugonga nyota hubonyeza metali, na upande wa pili wenye picha ya nyumba, mahali panapolingana na nyota, hupatikana ubapa. Usiinunue nje ya kasha la PCGS au la NGC, kampuni nyingine ya gredi, hata muuzaji awe mpole kiasi gani.

5. Usikimbilie seti yote ya sarafu za fedha za kumbukumbu, vipande 144. Nusu dola za Boone, Texas na Arkansas zilitolewa mwaka baada ya mwaka, kutoka viwanda vitatu vya sarafu, ili mkusanyaji asiimalize pochi yake mara moja. Cincinnati ya 1936 ndiyo kichekesho: ilidai kuadhimisha miaka 50 ya mji huo kama kitovu cha muziki, miaka ambayo haikuwa na msingi wowote, ikabandikwa sura ya mtunzi wa nyimbo Stephen Foster, seti ya vipande vitatu ikauzwa dola 7.75. Anza na aina 50, kipande kimoja kwa kila aina. Columbian ya 1893 iliyochakaa ni rahisi kupatikana, kwa sababu maonyesho ya Chicago yalishindwa kuzimaliza kwa dola moja na nyingi zikaishia mitaani kwa senti 50. Nunua mbili, uzitazame chini ya lenzi hadi ujue uchakavu unaanzia wapi.