Barua kwa mwanangu: Tende husubiri

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salamu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na babako. Umeuliza kama mwezi huu wa mwisho ule tende sita kila siku ili uchungu uwe mwepesi, kama wanavyokwambia wenzako huko Mombasa, au ni maneno ya watu tu.

Kula. Kliniki wamekupima sukari wakaiona sawa, basi kula. Mdogo wako, tangu aanze kusomea uuguzi hakuna linalompita, amenisomea utafiti wa Jordan wa mwaka 2011. Wanawake 69 walikula tende sita kwa siku kwa majuma manne kabla ya tarehe zao. Walipofika hospitali, njia zao zilikuwa zimefunguka zaidi kuliko za wenzao 45 wasiokula. Ni kundi dogo, na tende si dawa. Lakini Bibi Maryamu naye, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, aliambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu, ale na anywe. Sisi tulikuwa na habari hiyo kabla ya Jordan.

Ila vidonge vya damu usiviache. Hapa ningemuudhi mamangu, Mungu amrehemu, maana yeye kwake tende ilikuwa damu tupu. Katika gramu 100 za tende mna chuma kama miligramu 1 hivi, na mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Kilichomo kwa wingi ni sukari ya kukutia nguvu upesi, na potasiamu, na nyuzinyuzi gramu 7 au 8, zitakazokufaa kwa hilo tatizo la choo uliloniambia. Usichukue zile kubwa za Medjool, moja ina kalori 66. Chukua ndogo za kawaida.

Basi hilo ndilo uliloniuliza. Lililonikaa mimi moyoni ni tende nyingine, ile ya mtoto.

Siku uliyozaliwa unaijua, lakini unaijua nusu. Umesimuliwa mvua, umesimuliwa mkunga aliyekuja na taa. Hujasimuliwa kopo la babu yako.

Babu alikuwa amerudi Hija mwaka uliotangulia. Tende za Madina alizokuja nazo aliwagawia watu wa Faza wote mpaka zikaisha, akabakisha moja tu, ya ajwa, ndani ya kopo la majani ya chai. Alisema ni ya mjukuu wa kwanza. Wewe unamjua babu kwa tende. Ujana wake wote alikata boriti mikokoni, na majahazi ya Oman na ya Ghuba yalipokuja na kaskazi yakiwa na makanda ya tende, yeye ndiye aliyeitwa kuzinusa. Yalirudi na kusi, boriti zake ndani, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Na neno lake lilikuwa moja: tende husubiri. Ina sukari nyingi na maji machache, hukaa kandani, ikavuka bahari nzima kwa jua na chumvi, ikafika tamu.

Habari za uchungu wangu zilimfikia usiku. Akaondoka Faza na mashua ya kwanza. Walipoingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yalikuwa yanakupwa, na unajua pale pasipo maji hapapitiki. Wakapwelewa katikati ya mikoko, wakakaa kungoja maji yajae.

Wewe ulizaliwa alfajiri. Jua halijapanda, bibi yako mzaa baba alitoa tende ya pakiti ya dukani, akailainisha kwa vidole, akakupaka kaakaani. Watu wakasema mashaallah. Mimi nililala pale kitandani nikasema, “Babangu yuko njiani.” Nilisema kwa sauti ndogo, mwanangu. Mpaka leo nasikia udogo wa sauti ile.

Alifika adhuhuri, kikoi kimelowa mpaka mapajani, kopo mkononi. Akakuombea dua, kisha akauliza, “Ameshatiwa tende?” Bibi yako akajibu, “Tumeshamtia, alhamdulillahi.” Naye akasema, “Alhamdulillahi.” Akafungua kopo, akaipasua ile ajwa, akaitoa kokwa, akanitia nusu mimi mdomoni. “Wewe ndiye uliyesafiri,” akasema. Ilikuwa imekauka, ngumu, na sijapata kula tende tamu kama ile. Nusu ya pili alikula yeye, amenigeukia mgongo, akiangalia dirishani.

Bibi yako hakukosea. Tahniki, huko kumpaka mtoto mchanga tende kaakaani, ni sunna na kuiharakisha ni kheri, na nani angejua mashua itafika saa ngapi? Ingeweza kufika usiku. Pengine ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini ulikuwa umeshanyonya! Njaa haikuwapo. Ilikuwa asubuhi moja tu, na tende husubiri. Angenijibu kwamba mtoto hasubiri, na sijui ningemrudishia nini.

Sasa mama mkwe wako yuko hapo karibu nawe, na amekulea mimba hii kama mwanawe, nami namwombea kila sala. Babako naye ameletewa tende za Madina na jirani aliyetoka umra. Amechagua moja, ameifunga kwenye kitambaa, na kila jioni anaifungua aitazame kama imepata wadudu. Nani amtie mtoto, mimi sisemi. Ni mambo yako na mumeo. Nilikuwa nimeandika mistari miwili hapa, nimeikata.

Awe nani, anawe mikono kwa sabuni. Tende ipondwe mpaka iwe uji, isiwe na ganda wala kipande, na apakwe kiasi cha punje tu, baada ya kumwuliza muuguzi, maana siku hizi wanataka mtoto asitiwe chochote ila maziwa ya mama mpaka miezi sita. Lakini mdogo wako anasema ziko hospitali ambazo mtoto akizaliwa sukari yake ikashuka, humpaka shavuni kwa ndani dawa laini ya sukari. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka mamangu, nikafurahi siku nzima.

Basi la Mombasa linatoka Mokowe asubuhi, na kabla ya hapo kuna boti ya kuvuka. Babako akilikosa ni mpaka kesho yake. Uchungu ukianza, hata iwe saa nane za usiku, usiseme wamelala. Piga simu.

Mamako