Kutoka mapokezi ya hoteli hadi kutengeneza tovuti

Dada yangu wa Chake Chake, umeuliza kama mtu wa mapokezi anaweza kuhamia kwenye kutengeneza tovuti kwa laptopu ya RAM GB 4. Inatosha kabisa. Anza na HTML (lugha ya kuandika muundo wa ukurasa) na CSS (ya kupanga mwonekano wake), JavaScript (ya kuupa ukurasa vitendo) baadaye. Masomo ya freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia, ni ya bure. Kisha tengeneza ukurasa wa nyumba ya wageni, uuweke GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, bure vilevile.

Hapo ndipo wengi hukwama: picha kwenye kompyuta zinaonekana, mtandaoni hazionekani. Tazama jina: kwenye HTML umeandika chumba.jpg, faili linaitwa Chumba.JPG. Windows haijali herufi kubwa, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni) inajali. Na picha ya simu ya MB 4 ipunguze hadi upana wa pikseli 1600, chini ya KB 300. Mwenye bando dogo hasubiri.