Ng'ombe wamekufa kwangu, aliyelipwa ni shemeji

SWALI: Salaam aleikum mzee. Mimi ni mfugaji upande wa Garsen, Tana River. Ukame umenimalizia ng'ombe tisa. Mizoga nimeipiga picha kwa simu, na mzee wa kijiji aliiona kwa macho yake. Bima ya mifugo ya serikali tuliandikishwa mimi na shemeji yangu anayekaa Bura. Yeye kafiwa na mbuzi wawili tu, kalipwa. Mimi hata senti. Nimpelekee nani hizi picha?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole sana. Picha ziweke, lakini kwa bima hii hazina kazi. Nakwambia mapema usije ukamaliza nauli ya Hola bure.

Bima hii haihesabu mizoga, inatazama malisho. Setilaiti hupima ukijani wa eneo zima, kisha unalinganishwa na wa miaka iliyopita mahali hapohapo. Ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila aliyeandikishwa eneo hilo hulipwa, hata kama hakufiwa na mbuzi mmoja. Usiposhuka, halipwi mtu. Wewe na shemeji yako mko maeneo mawili.

Hapa nina neno langu. Setilaiti huona kijani, haionji. Mathenge, ule mti wa miiba, hubaki kijani nyasi zikiwa zimekwisha, na huko kwenu mathenge imejaa tele. Ng'ombe hashibi majani yake. Wafugaji wanaolalamikia jambo hili siwaiti wakorofi.

ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilipoanza bima ya namna hii Marsabit mwaka 2010, hesabu ilikuwa ya kukadiria vifo. Baadaye ikageuzwa: pesa itoke mapema, mfugaji anunue majani na dawa ng'ombe akiwa bado anasimama. Serikali ilianza bima yake ya mifugo, KLIP, mwaka 2015, Turkana na Wajir, ikawalipia wafugaji ada ya hadi ng'ombe watano kwa kila familia. Mbuzi kumi walihesabiwa ng'ombe mmoja. Februari 2017 zilitoka shilingi milioni 214 kwa familia zaidi ya 12,000 katika kaunti sita, yenu ikiwemo. Gawanya mwenyewe: wastani haufiki 18,000. Hiyo ni pesa ya majani, si ya kurudisha zizi.

Siku hizi kuna mpango mwingine wenye bima ya mifugo, DRIVE, na humo mfugaji naye huchangia ada. Kwa hiyo kabla ya kutoa chochote, uliza eneo lako la bima linaanzia wapi na kuishia wapi. Wengi hawaulizi.

Fedha nyingine, isiyo ya bima, ni ya HSNP, mpango wa kuzisaidia familia maskini wa maeneo ya ukame, ulio chini ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabili ukame: shilingi 2,700 kwa mwezi, hulipwa 5,400 kila baada ya miezi miwili. Ukame ukizidi, huongezwa kwa muda familia zilizoandikishwa ambazo hazimo katika orodha ya kawaida. Muulize chifu kama jina lako limo.

Malalamiko ya kweli unayo iwapo majirani zako wa eneo lilelile la bima wamelipwa ukaachwa peke yako. Hapo nenda na kitambulisho kwa waliokuandikisha, ukakague namba yake na ya simu uliyoandikishia. Kama laini ile ulishaitupa, anza na hiyo.