Pampu ya megapaskali 0.4 na bomba la PN 10

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Kariakoo pampu ya kupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tenki lililo mita 15 juu, nyumbani kwetu Tabata. Kibao cha pampu kinaonyesha presha ya juu kabisa kuwa megapaskali 0.4, mabomba ya plastiki yameandikwa PN 10, na geji ya fundi inasoma kilo kwa sentimita ya mraba. Nitavilinganishaje vipimo hivi, na je, mabomba yatahimili?

JIBU: Ndugu msomaji, vigeuze vyote kwanza viwe paskali, ambayo ni nguvu ya nyutoni moja juu ya eneo la mita moja ya mraba. Kilopaskali ni paskali 1,000 na megapaskali ni paskali 1,000,000. Baa moja ni paskali 100,000 kamili, hivyo megapaskali moja ni baa 10. Pampu yako basi haizidi kilopaskali 400, yaani baa 4, ilhali PN 10 maana yake ni bomba la baa 10 kwa maji ya nyuzijoto 20. Mabomba yatahimili, ila yale yanayopita juu ya paa yafunikwe, kwa sababu plastiki hupungua nguvu inapopata joto, na jua la Dar es Salaam halina huruma.

Kilo kwa sentimita ya mraba ni paskali 98,066.5, kwa hiyo geji ikisoma 4, kanieneo, yaani presha, ni kilopaskali 392 hivi. Tofauti yake na baa haifiki asilimia 2. Kwa mabomba ya nyumbani inavumilika, lakini sikubali ipuuzwe mahali mitungi ya gesi inapopimwa. Hatari kubwa zaidi ni nukta ya desimali: anayedhani megapaskali 0.4 ni baa 0.4 amekosea mara kumi, na anaweza kununua bomba jembamba litakalopasuka.

Kuhusu urefu, kila mita ya maji yaliyosimama inahitaji kilopaskali 9.8, hivyo mita 15 zinachukua 147, na kinachobaki ndicho kinachosukuma maji yashinde msuguano ndani ya bomba.

Usijumlishe kanieneo la hewa, ambalo kwa kawaida ni paskali 101,325 usawa wa bahari. Geji huanza kuhesabu sifuri kutoka hapo, na bomba nalo limezungukwa na hewa hiyo hiyo, kwa hiyo namba ya geji ndiyo ya kulinganisha na PN.